Gari Inakazwa Ikiwa Imebeba

Kahindo, binti yangu, mama yangu,

Nilianza kukuambia haya mezani leo, ukaona mwenyewe yalikofika. Nilitaka kukubariki, nikaishia kukuuliza kama umepima upepo wa gurudumu la akiba. Mama yako alinitazama kwa jicho lile unalolijua, wewe ukacheka, mimi nikakasirika, nikasema maharagwe hayana chumvi. Maharagwe yalikuwa na chumvi. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu nauelekeza barabarani, wenyewe unakwenda mtaroni. Basi nimekaa hapa kwenye meza ya kazi, nimesukuma makopo ya mafuta pembeni, nakuandikia. Kwenye karatasi angalau hakuna wa kunicheka kabla sijamaliza.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya kutomwamini kila mtu anayejiita mjomba wako, hayo mama yako ameshayasema, na atayarudia kesho hata ukiwa umekwisha kufunga mkanda. Mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, na taabu ni kwamba hilo moja lenyewe silielewi.

Kesho unaondoka Butembo kwenda Beni, kwenye parcelle yetu, kile kiwanja cha Mulekera, kufungua tena garage ambayo mimi niliifunga wewe ukiwa bado mtoto wa kubebwa. Unakwenda ukiendesha ile gari ya Kiingereza ambayo mimi na wewe tumeijenga upya miguu yake ya mbele. Sijakukataza. Sijakukubalia pia. Watu wananisimamisha njiani, “Fundi, ni kweli mutoto anarudia Beni?” nami nawajibu, “Ndiyo. Hapana. Mumuulize yeye mwenyewe.” Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu mtu namna hiyo. Mtu akiniletea gari inayogonga, naweka sikio, najua ni nini. Hili nimeweka masikio yote mawili na sisikii kitu.

Unakumbuka tulivyoipata. Padri wa kule Musienene alitaka kusafisha banda la parokia ili aweke viazi vya wakulima, na nyuma kabisa, chini ya magunia ya kahawa yaliyooza, ikaonekana ile kitu. Gari ndogo, ya watu wawili, haina paa, chini chini kama inajificha. Wazee walisema iliachwa na mzungu wa kahawa, zamani za zamani, na hakuna aliyejua jina lake. Padri akasema mbele ya watu wote, “Ule mwenye ataweza kuitosha humu inje, itakuwa yake.” Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akauliza, “Hii ni gari ama ni kisahani ya sabuni?” Mwingine akasema, “Itapita mu matope na nini? Na sala?”

Wewe hukucheka. Uliinama ukaingiza kichwa chini ya mudguard ya mbele, ukakaa huko, ukatoka na utando wa buibui kwenye nywele, ukaniambia, “Papa, train avant yake, ile miguu ya mbele, ni muzuri sana.” Mimi nikaangalia nikaona kutu. Chuma kilikuwa kimekula chuma, mipira imekuwa unga, resorti moja, springi, imepasuka. Nikakuambia hapana. Nikasema hapana nikiwa tayari natafuta kwa macho kamba ya kuivutia. Hata siku ile nilikuwa sijielewi.

Tuliileta Butembo juu ya lori la viazi, na mama yako akasimama mlangoni, mikono kiunoni. “Balikuwa batu babili bapumbavu mu dunia,” akasema, “na bote babili beko mu nyumba yangu.”

Sasa nikuambie nilikuwa nawaza nini, kwa sababu hujawahi kuniuliza. Nilikuwa nawaza, kazi hii ni ndefu, na mtu mwenye kazi ndefu haendi mahali. Kaka zako wamekwisha kwenda, mmoja Kampala na biashara zake, mwingine anafundisha Lubero, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua clé, spana, inashikwa upande gani. Nilijua una jambo moyoni. Nilikuwa nakuona unavyosikiliza watu wanaoshuka kutoka Beni, unawauliza maswali mengi kuliko yanayohusu gari zao. Nikasema, tumpe gari isiyokwisha. Vipuri vyake havipatikani hapa, havipatikani Kasindi, hata Kampala wanakuangalia kama umeuliza pembe za sungura. Atakaa. Mtego mzuri, nikajisifu. Nikasahau kwamba aliyefundisha mkono wako kufanya kazi ni mimi.

Hapo pia sijui kama nasema kweli. Nilikufundisha, au uliiba? Mimi nilikupeleka couture, ukajifunze kushona. Nilisema mtoto wa kike halali chini ya gari, watu watasema nini. Ulikwenda, ukajifunza mshono mmoja, na siku moja nikakukuta unakata joint ya carburateur, ile gasket ya kabureta, kwenye katoni, kwa ule mkasi wa kushonea niliokununulia, na joint ile ilikaa vizuri kuliko yangu. Nilipaswa kufurahi. Nilikugombeza kwa sababu ya mkasi. Ukaniambia, “Papa, mukasi ni mukasi.”

Na siku ya resorti. Hiyo naiandika kwa sababu mara nyingine usingizi unanipotea nikiikumbuka. Resorti ya mbele ya gari kama ile imebanwa na uzito wote wa gari, ukiitoa vibaya inaruka kama imetumwa na shetani. Wewe ulisema tungoje, umempelekea mtu wa kuchomelea vile vyuma virefu vyenye nyuzi za skrubu, atengeneze kitu cha kuibana polepole, mzunguko kwa mzunguko. Mimi nikasema nimefungua resorti nyingi kwa mnyororo kabla hujaota meno. Nikafunga mnyororo. Mnyororo ukateleza. Ile kitu ilipita karibu na sikio lako, ikatoboa bati la jikoni kwa jirani, ikaingia kwenye sufuria ya sombe, kisamvu cha watu. Jirani akatoka na mwiko mkononi akiuliza kama vita vimefika.

Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa shule anajua, sitaki kukuimbia wimbo huo. Ninachotaka kusema ni kwamba baada ya pale nilikupigia kelele wewe. “Ulisimama pale juu ya sababu gani? Nani alikuambia usimame pale?” Ulikuwa umesimama mahali nilipokuweka mimi. Ulikwenda kuomba radhi kwa jirani kwa niaba yangu, ukarudi na resorti inanuka mafuta ya mawese. Niliogopa sana, Kahindo. Mimi nikiogopa, kinachotoka ni kelele. Kama umewahi kudhani ni hasira, mara nyingi haikuwa hasira.

Kuhusu mipira hatukugombana, ile kazi nzuri nitaikumbuka. Ile mipira ya kati, silent-bloc, pale mikono ya chuma inapojishika kwenye gari, hakuna mahali pa kuinunua. Ukampelekea yule mzee wa sandali za matairi vipande vya ile ya zamani, ukakaa naye anachonga kutoka tairi la lori, unapima, unamrudishia, anachonga tena. Akasema hajawahi kushonea gari viatu. Ulipoiingiza ndani ya chuma kwa maji ya sabuni, na ikaingia, ulipiga kelele za furaha mpaka watu wa moto, wale wa pikipiki, wakasimama njiani. Nami nilipiga kelele. Sijui nani aliniona.

Halafu ikaja siku ya kukaza.

Lazima nieleze vizuri hapa, kwa sababu ndipo jambo lilipo. Mzee wangu wa kazi kule Beni, yule Mprotestanti aliyekuwa anaimba nyimbo za kwaya akiwa amelala chini ya gari, alikuwa na sheria moja ambayo nilikupa nawe ukiwa mdogo: gari inakazwa ikiwa imebeba. Ukiweka mipira mipya, unaingiza boloni, zile bolti, unazungusha kwa mkono tu. Unaishusha gari chini, magurudumu yote yanasimama, mwenye gari anakaa kwenye kiti chake na mizigo yake. Ndipo unakaza. Kwa sababu mpira ukibanwa, unashika mkao uleule. Ukiukaza gurudumu likiwa linaning'inia hewani, mpira unafikiri hewani ndiko kwao. Ukiishusha gari, unajikunja, unavuta, unataka kurudi ulikokazwa. Gari inainuka pua upande mmoja, usukani hautulii, na siku moja mpira unapasuka.

Basi kwenye garage ya mzee tulikuwa tunaita watu wakae ndani ya gari. Ni sisi tu tuliokuwa na tabia hiyo mjini, wengine wote walisema tumerogwa. Mama wa mawese alikuja akakaa na madumu yake yote na mtoto mgongoni. Padri mmoja alikaa akasali sala zake za jioni mpaka akasinzia, na mzee akasema tusimwamshe, kila boloni ikazwe polepole. Mteja akiwa na haraka, mzee alimwambia, “Lete muntu wa kilo yako.” Nilidhani wote duniani wanafanya hivyo. Nilipofika Butembo nikaanza kuita watu, wakanicheka, nikaanza kutumia magunia ya maharagwe ya mama yako. Yanafaa. Lakini gunia halijui kujiegemeza kwenye mlango.

Siku ile gari yetu ilikuwa juu ya kriki, ile jeki, miguu yote miwili ya mbele inaning'inia. Wewe ulikuwa upande wa kulia, kwenye usukani, mimi kushoto. Boloni zote zimo, zimezungushwa kwa mkono. Nilikuwa nasubiri useme tushushe. Badala yake ukasema lile lingine. Nakuandikia kama nilivyolisikia, kwa sababu limekaa kichwani kama msumari.

“Papa, mi nitaenda Beni. Parcelle yetu iko pale bure tu. Na fosse, ile shimo ya kutengenezea magari, ulichimba na mikono yako.”

“Beni gani? Ile tulikimbia, ama kuko ingine?”

“Ile ile.”

“Batu banatoka kule, we unaingia?”

“Hawatoke bote, papa. Benye kubakia, magari yabo nani anabatengenezeaka?”

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, lilikuwa na godoro ndani yake. Wewe hukumbuki, nami sijakusimulia. Jirani yetu, yule aliyekuwa akikupa ndizi kila ukipita, alikwenda shambani kwake pembeni ya mji asubuhi, na shamba lile halikumrudisha. Wala siyo yeye wa kwanza kuuawa na watu wa msituni. Jioni ile nilifunga garage kwa kufuli, nikafunga godoro juu ya moto ya kukodi, mama yako nyuma amekushika wewe, kaka zako wamepanda lori la watu. Niliacha étau yangu, ile jiliwa ya kubania vyuma, imefungwa kwenye meza. Niliacha gari ya mtu juu ya fosse, haina magurudumu, nami nilikuwa nimemwahidi keshoye. Tulipofika Kalunguta ukalia unataka maji, nikamwambia mwenye moto asisimame. Ulilia mpaka ukalala.

Tangu siku hiyo najiuliza kama nilikimbia mapema au nilikimbia kwa kuchelewa. Watu wengine walibaki wakaishi. Wengine walibaki wakafa. Wengine walikimbia kama sisi, na kifo kikawakuta hukuhuku, kwa ugonjwa, kwa njaa, kwa ajali ya lori. Mtu akikuambia anajua alichopaswa kufanya, mpe kiti akae apumzike. Mimi ni papa yako na sijui. Nilikutoa kule ili uishi, umeishi, na kitu cha kwanza unachotaka kufanya na uhai huo ni kuurudisha kulekule. Nimelizungusha pande zote, halikai.

Sasa basi, nikiwa nimebeba jibu lile refu na siwezi kulitoa, mkono wangu ulikuwa umeshika clé. Nikakaza. Gari iko hewani, mguu unaning'inia, nami nakaza, boloni ya kwanza, ya pili, zote za upande wangu, kwa nguvu zote nilizo nazo. Sikufikiria gari hata kidogo. Wewe ukashusha kriki, ukaleta magunia ya mama yako ukayapanga kwenye kiti, ukakaza za kwako vizuri, kama ulivyofundishwa. Ukauliza kutoka chini, “Papa, za kwako tayari?” Nikasema, “Tayari.”

Haukuwa uongo. Zilikuwa tayari.

Unajua yaliyofuata. Tumeijaribu barabarani inavuta kulia, kila mara kulia, kuelekea mtaroni. Umebadilisha matairi. Umepima magurudumu kwa uzi, umepima tena. Umefungua kulikokuwa kumekazwa sawa ukakaza tena sawa. Nami nilisimama pale nikikuna kichwa pamoja nawe, na nakuapia nilikuwa nakuna kwa kweli, sikukumbuka. Nilisema labda chasi imepinda tangu enzi za mzungu. Nilisema labda ni barabara. Mama yako akasema labda gari haitaki kwenda Beni, nikaona ndiye fundi peke yake hapa. Ulikata tamaa ukasema, “Itazoea njiani.” Gari haizoei, Kahindo. Hilo nilipaswa kukuambia papo hapo, nikanyamaza, kwa sababu nilijiambia, ikiwa haizoei, haiendi, nawe unakaa.

Leo baada ya chakula nilitoka kuvuta hewa. Umeiegesha mbele ya nyumba, juu ya zile mbao nne nene tunazoweka chini ya magurudumu ili mtu apite chini, na taa ya jirani ilikuwa inaipiga kutoka nyuma. Nikaona pua. Upande wa kushoto umeinuka. Nikaweka shibiri yangu kati ya gurudumu na mudguard, kushoto, halafu kulia. Mkono ulinipa jibu kabla ya kichwa. Ikanirudia ile siku yote, na maneno yako, na clé mkononi mwangu, na nikakaa chini kwenye ubao.

Kitu kingine kikaja, nacho kimenisumbua zaidi. Wewe una jicho kuliko mimi. Pua ile imeinuka siku hizi zote na wewe hukuiona? Ulifungua upande wako mara ngapi, hukufungua wangu hata mara moja. Huenda hukuona. Huenda uliona, ukasema moyoni, papa amesema tayari, basi ni tayari. Ulikuwa tayari kushika barabara ile na usukani unaokuvuta mtaroni, ili tu usinifungulie boloni zangu mbele yangu? Kama ni heshima, mama, heshima ya namna hiyo siitaki. Na kama ni kingine, sikijui. Utaniambia siku moja, ukiwa na hasira ya kutosha.

Basi nimefanya jambo, na ndiyo sababu ya barua hii. Niliingia chini, na tumbo hili ulijuavyo, nikazilegeza boloni. Siyo za kwangu tu. Zote, kushoto na kulia. Zimo ndani, hazitaanguka, lakini hakuna hata moja iliyokazwa. Usiiwashe gari hii. Usiisogeze hata shibiri moja. Ufunguo wa kuwashia ninao mimi, mfukoni. Barua naiweka kwenye kiti chako cha usukani ili uione kabla ya kitu kingine chochote.

Nilipotoka chini ya gari nilijisikia vizuri, na hapo nikashtuka. Kwa nini najisikia vizuri hivi? Za kushoto zilitosha. Kwa nini nimelegeza na za kulia, ulizokaza wewe sawasawa? Nimejiambia ni kwa sababu mpira unapaswa kukazwa pande zote kwa pamoja. Ni kweli, mzee wangu angesema hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba sasa gari haiendi mahali, na ufunguo uko kwangu. Nimekaa hapa nikijiuliza kama nimezilegeza ili ufike salama au ili usiende. Nimejiuliza kwa Kiswahili, nimejiuliza kwa Kinande, jibu halitoki. Nafikiri ni yote mawili. Nafikiri mkono ulitaka moja na moyo ulitaka jingine, na kwa mara ya kwanza vilikubaliana juu ya kazi moja.

Nilimwuliza mama yako swali hilohilo dirishani, kabla hajalala. Akasema, “Ulimufundisha gari. Ulizania atakaa fasi moja?” Halafu akafunga dirisha, baridi inaingia.

Kuhusu barabara, nimejaribu kukuandalia neno moja la kukusaidia. Wanasema mwenda pole hajikwai. Kwa gari ile ni kweli kabisa, tumbo lake liko chini, mashimo yale yatalikwangua, nenda polepole. Lakini kuna sehemu, unazijua, baada ya Kalunguta, ambapo sitaki uende polepole, sitaki usimame, hata anayelia akilia. Nenda polepole kwa ajili ya gari. Nenda mbio kwa ajili ya barabara. Hayo ndiyo mawaidha ya papa yako baada ya maisha yote chini ya magari ya watu. Ukiyaelewa, niandikie unieleze.

Na ukifika, ukikuta étau yangu bado iko, usiniambie. Ukikuta haiko, usiniambie pia. Yule mwenye gari niliyoiacha juu ya fosse, akitokea, au mtoto wake, hudumia kwanza yeye. Usiseme wewe ni binti ya nani mpaka umalize.

Wewe unaweza kuzikaza hizi boloni mwenyewe. Najua. Unaweza kuyapanga magunia kwenye kiti, kama siku ile, ukaingia chini, na kazi itakuwa safi kuliko yangu, na hutanihitaji hata kwa kushika taa. Sikuzuii. Lakini nakuomba, na nadhani hii ndiyo mara ya kwanza nakuomba kitu bila kupiga kelele: kesho usitumie magunia. Pakia mizigo yako yote, ile ya kwenda nayo kweli, na viazi vya mama yako, na sanduku la vifaa. Halafu ukae kwenye kiti, ushike usukani, ukae kama unavyokaa ukiwa barabarani. Usinifundishe namna ya kufanya. Mimi nitaingia chini na nitazikaza zote nikiwa nimekubeba juu ya kichwa changu, ili gari hii ishike kilo yako wewe na isitake kurudi mahali pengine.

Baada ya hapo nitakupa ufunguo. Nimeandika, kwa hiyo itabidi nikupe.

Lakini mimi najijua kidogo, hata kama sijielewi. Kesho kukipambazuka utaujia mlango wetu na utaniona nimejifunika mpaka kichwani, sijibu, nakoroma. Kaka zako walipoondoka nilikoroma hivyohivyo, wakasema tumwache mzee alale, wakaenda. Sikuwa nimelala. Wewe usiniache. Vuta blanketi, Kahindo, na uniamshe.

Papa yako